Bonanza N3794N: dakika tano bila upeo wa macho

Mshale wa kipimo cha mwendo ulikuwa umekwama kati ya maili 165 na 170 kwa saa. Mshale wa kipimo cha kupanda na kushuka ulisimama kwenye futi 3,000 kwa dakika, upande wa kushuka. Mizunguko ya injini ilisomeka 2,200 kwa dakika. Na upeo bandia, kile chombo kinachomwonyesha rubani ndege yake imekaaje hewani, uliganda ukionyesha ndege imelalia bawa la kulia kwa nyuzi 90, pua ikielekea chini. Hivyo ndivyo vyombo vilivyokutwa asubuhi ya tarehe 3 Februari 1959 katika shamba lenye theluji karibu na mji wa Clear Lake, jimbo la Iowa, Marekani.

Ajali hii inajulikana duniani kwa sababu ya abiria wake watatu: Buddy Holly, miaka 22, Ritchie Valens, miaka 17, na J. P. Richardson, miaka 28. Wote walikuwa wanamuziki, wamechoshwa na ziara ya majira ya baridi ndani ya basi ambalo kipasha joto chake kilikuwa kibovu. Walilipa dola 36 kila mmoja ili wafike mapema kwenye onyesho lililofuata. Makala nyingi huishia hapo. Mimi nataka tukae kwenye kiti cha rubani, Roger Peterson, kijana wa miaka 21, kwa sababu kilichompata kinaweza kumpata rubani yeyote wa ndege ndogo leo, iwe Iowa, Mwanza au Lodwar.

Kwetu kila ndege ndogo ikianguka husemwa maneno matatu: hali mbaya ya hewa. Maneno hayo yanafunika mengi. Hali ya hewa inaweza kuvunja bawa kwa msukosuko wa radi. Inaweza kugandisha barafu juu ya bawa hadi bawa lisibebe. Inaweza kuficha mlima. Na inaweza kufanya jambo la kimya zaidi, bila ngurumo wala mtikisiko: kumnyang'anya rubani mstari ule unaotenganisha anga na ardhi. Usiku ule wa Iowa ilikuwa hii ya mwisho.

Ndege yenyewe ilikuwa Beechcraft Bonanza ya mwaka 1947, viti vinne, injini moja ya Continental ya nguvu za farasi 185, mkia wenye umbo la herufi V. Injini ilikuwa imefanya kazi saa 40 tu tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Wachunguzi hawakukuta kitu chochote kilichokatika au kuzimika kabla ya kugonga ardhi. Bonanza ni ndege laini, yenye umbo lisilokwaruzana sana na hewa, na hilo linaleta raha siku ya jua na hatari usiku wa giza: pua ikishuka kidogo tu, mwendo unapanda haraka mno.

Peterson alikuwa na saa 711 hewani, 128 kati ya hizo kwenye Bonanza. Alikuwa na leseni ya biashara. Alikuwa amefundishwa kuruka kwa kutegemea vyombo kwa saa 52 na kufaulu mtihani wa maandishi, lakini mtihani wa vitendo aliufanya Machi 1958 akashindwa. Kampuni iliyomwajiri nayo ilikuwa na kibali cha kuruka kwa kuona nje tu. Kisheria, basi, safari ile iliruhusiwa mradi rubani aone nje tangu mwanzo hadi mwisho.

Alipouliza hali ya hewa hakuuliza mara moja. Saa kumi na moja na nusu jioni alikwenda kwenye kituo cha mawasiliano cha uwanja wa Mason City, akaambiwa njia nzima hadi Fargo, North Dakota, mawingu yako futi 5,000 au juu zaidi na macho yanaona maili 10 au zaidi. Utabiri wa Fargo ulitaja uwezekano wa manyunyu mepesi ya theluji baada ya saa nane usiku, na mkanda wa hewa baridi kupita karibu saa kumi. Akauliza tena saa nne usiku, akauliza tena baada ya saa tano. Jibu la mara hiyo: Mason City ilikuwa na wingu zito la futi 6,000, macho yakiona maili 15, upepo wa kusini noti (maili za baharini kwa saa) 25 hadi 32, nyuzijoto 15 za Farenhaiti, yaani kama 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Usiku mzuri kwa hesabu hizo. Dakika tano kabla ya saa sita alirudi pamoja na mwajiri wake: dari ya mawingu ilikuwa imeshuka hadi futi 5,000 na theluji nyepesi imeanza.

Saa moja hivi baadaye, ndege ikiwa inajiandaa kuondoka, hesabu zilikuwa zimegeuka. Dari ya mawingu futi 3,000, anga limefichika, macho yanaona maili 6, theluji nyepesi inaanguka, upepo noti 20 ukivuma kwa vishindo vya noti 30. Altimita, chombo kinachopima kimo kwa shinikizo la hewa, ilitakiwa kuwekwa inchi 29.85 za zebaki, wakati mwanzoni ilikuwa 29.96. Tofauti hiyo ya 0.11 inaonekana si kitu. Lakini kila inchi moja ya zebaki ni kama futi elfu moja, kwa hiyo altimita isiyorekebishwa ingemwambia rubani yuko juu kwa futi 110 kuliko alivyo kweli. Zaidi ya hapo, shinikizo la hewa linaloshuka kwa kasi hiyo ndani ya saa moja na nusu hivi ni salamu kutoka kwa dhoruba inayokuja.

Kulikuwa na salamu nyingine mbili, na hizi zilikuwa zimeandikwa. Saa tano na dakika 35 usiku kituo cha Minneapolis kilitoa tahadhari ya haraka: ukanda wa theluji wenye upana wa maili 100 hivi unakuja kutoka kaskazini-magharibi kwa noti 25, na ndani yake macho hayaoni hata maili 2. Saa sita na robo kituo cha Kansas City kikatoa yake: barafu ya wastani hadi nzito penye manyunyu yanayoganda, na ya wastani ndani ya mawingu chini ya futi 10,000, katika eneo lililojumuisha sehemu kubwa ya Iowa. Hakuna aliyemsomea Peterson tahadhari hizo mbili. Yeye aliuliza vituo vya njiani na utabiri wa mwisho wa safari, akajibiwa alichouliza. Hapa ndipo ninapopata uchungu zaidi ninaposoma ripoti, kwa sababu mtu aliyerudi kuuliza mara zote hizo si mzembe. Angeambiwa ule ukanda wa theluji uko wapi na unakuja kwa kasi gani, angejua anaelekea kukutana nao usiku katikati ya njia.

Hata hivyo, tusiulaumu ukanda ule wa theluji kwa kuangusha ndege. Ndege haikufika huko.

Iliondoka saa saba kasoro dakika tano usiku. Iliruka kuelekea kusini, ikakata kushoto kugeuka nyuma, ikapanda hadi kama futi 800, ikapita mashariki mwa uwanja na kushika uelekeo wa kaskazini-magharibi. Mwajiri alikuwa amesimama kwenye jukwaa la mnara akiitazama taa ya mkiani. Ndege ikiwa umbali wa kama maili tano, aliona taa ile ikishuka polepole hadi ikapotea. Rubani alikuwa amesema atatuma mpango wake wa safari kwa redio akishakuwa hewani. Haukuja. Kituo kikaita, kikaita tena. Saa tatu na dakika 35 asubuhi mwajiri yuleyule, akiwa ameruka kufuata njia ileile, aliyaona mabaki kwenye uzio wa seng'enge wa shamba. Bawa la kulia ndilo lililotangulia kugusa ardhi, na mabaki yalisambaa futi 540. Wote wanne walikuwa wamefariki.

Fikiri alichokiona Peterson mbele ya kioo. Nyuma yake taa za uwanja na mji. Mbele yake mashamba ya Iowa saa saba usiku, nyumba moja hapa, nyingine mbali kule, wenyewe wamelala. Juu wingu, hakuna nyota. Chini theluji, na hewani theluji inayoanguka. Kituo kinasema macho yanaona maili 6, na ni kweli, lakini maili 6 za kuona nini? Anayepima kuona akiwa ardhini anatafuta taa anazozijua ziko wapi. Rubani aliye futi 800 juu ya giza hana taa ya kutafuta. Kwa sheria yuko kwenye hewa safi. Kwa mwili wake yuko ndani ya gunia.

Na mwili ukiwa ndani ya gunia hudanganya. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda, yenye majimaji na vinyweleo vinavyohisi majimaji hayo yakisogea. Chukua ndoo ya maji uizungushe taratibu: mwanzoni ndoo inazunguka na maji yamebaki nyuma. Endelea kwa mwendo uleule, na baada ya muda maji yanazunguka pamoja na ndoo, kana kwamba vyote vimesimama. Sikio hufanya vivyo hivyo. Ndege ikianza kugeuka polepole sana, sikio halihisi kabisa. Ikigeuka kwa kasi isiyobadilika kwa sekunde 20 hivi, sikio husema tumenyooka. Kisha rubani akiirudisha ndege sawa, maji ya ndoo yanaendelea kuzunguka, na sikio humwambia sasa unapinda upande wa pili. Anarekebisha kosa ambalo halipo, na kurudi palepale alipotoka.

Hapo ndipo unapozaliwa mzunguko ambao marubani wanauita wa makaburini. Bawa moja linalala bila rubani kujua. Nguvu iliyokuwa inainua ndege moja kwa moja sasa inavuta pembeni, kwa hiyo pua inashuka. Mwendo unapanda. Rubani anaona altimita inapungua na anafanya kile ambacho mikono yake imefundishwa tangu siku ya kwanza: anavuta usukani aje juu. Lakini ndege imelala ubavu, na kuvuta kunaukaza tu mzunguko. Ikilala nyuzi 60, kila kilichomo kinakuwa na uzito mara mbili, na uzito huo unakandamiza makalio kwenye kiti, hisia ileile ya ndege inayopanda. Kila anachohisi kinamwambia avute zaidi. Dawa ni kinyume: kwanza nyoosha mabawa na upunguze nguvu ya injini, ndipo uinue pua.

Sasa zihesabu namba za paneli. Kwa futi 3,000 kwa dakika, futi 800 zinaisha kwa sekunde 16. Peterson hakuanza na kasi hiyo, ilikua kidogo kidogo. Lakini ilipokua, nafasi ya kugundua, kuelewa na kurekebisha ilikuwa fupi kuliko muda wa kusoma aya hii.

Miaka mitano kabla ya ajali, Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa kimeyapima haya, na kiliyapima kwa Bonanza. Mwaka 1954 walichukua marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakawafunika wasione nje, mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti. Mmoja aliangukia upande wa kupandisha pua mno. Wale 19 waliingia kwenye mzunguko niliousimulia. Aliyewahi alipotea baada ya sekunde 20, aliyechelewa sekunde 480. Wastani ulikuwa sekunde 178. Chini ya dakika tatu.

Namba hiyo 178 hunukuliwa sana kutishia wanafunzi, na nasikitika kwamba nusu ya pili ya utafiti hainukuliwi, maana watafiti hawakutaka kutisha mtu. Walitaka kupata njia ya kurudi. Waliwafundisha watu walewale jambo moja tu: namna ya kugeuka nyuma. Toa mikono kwenye usukani, kwa sababu mikono ndiyo inayotii sikio. Teremsha magurudumu, yawe breki hewani ili mwendo usikimbie. Punguza nguvu ya injini hadi kiwango ulichokiandika mapema, weka trimu (kirekebishi kinachoishikilia pua mahali pake bila mikono) ya mwendo wa polepole uliyoijaribu mchana, uiache ndege itulie yenyewe. Soma dira. Kisha geuka kwa pedali za miguu peke yake, ukitazama kipimo cha mgeuko, hadi uelekeo ubadilike nyuzi 180, ndipo uurudishe mshale katikati. Baada ya mafunzo, walijaribu mara 60. Walifaulu mara 59.

Kwa nini basi mtu mwenye saa 52 za mafunzo ya vyombo hakusalimika? Jibu liko kwenye paneli, na bodi iliyosimamia usafiri wa anga wakati huo ililiandika wazi katika ripoti yake ya Septemba 1959. Peterson alijifunza kwenye ndege zenye upeo bandia wa kawaida: kindege kidogo kimesimama katikati, mstari wa upeo unasogea nyuma yake, pua ikipanda mstari unashuka, kama unavyoona ukitazama dirishani. Bonanza hii ilikuwa na upeo bandia wa aina nyingine, jairoskopu ya Sperry F3, ambayo huonyesha kupanda na kushuka kwa pua kinyume kabisa na hivyo. Mtu aliyezoea cha kawaida, akitazama F3 akiwa na hofu, anaweza kuamini anapanda huku akigeuka, kumbe anashuka huku akigeuka.

Si kwamba hakuwa na vyombo vingine. Lakini upepo ulikuwa wa vishindo, na katika vishindo kipimo cha mgeuko na kile cha kupanda na kushuka huyumbayumba bila kutulia, kwa hiyo macho hukimbilia chombo kimoja kilichotulia, nacho kilikuwa kile kisichofahamika. Jairo ya mwelekeo, chombo kinachoonyesha ndege inaelekea wapi, ilikutwa imefungwa, yaani haikuwa ikifuata mgeuko wa ndege. Ndege ilikuwa na mtambo wa kujiendesha, lakini haukuwa ukifanya kazi. Ukiziondoa hizo moja moja, unabaki na kijana na kioo kimoja cha duara kinachomwambia kinyume.

Bodi ilitaja chanzo kuwa ni uamuzi usio wa busara wa rubani kuanza safari ambayo ingemlazimu kutegemea vyombo pekee ilhali hana sifa hiyo. Vilivyochangia ni upungufu mkubwa katika maelezo ya hali ya hewa aliyopewa, na kutokukizoea chombo cha mkao wa ndege. Naikubali hukumu hiyo, ila mimi ningekipandisha kile chombo hadi mstari wa kwanza. Marubani wengi wameingia gizani bila kufuzu wakatoka, kwa sababu kioo mbele yao kilisema kweli kwa lugha waliyoijua.

Huku kwetu gunia lile linafumwa kwa nyuzi nyingine. Ziwa Victoria usiku usio na mwezi ndio usiku wa wavuvi wa dagaa, maana dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Rubani anayeruka juu ya maji chini ya wingu anaona mamia ya nukta za mwanga chini yake na weusi juu, na jicho lisilo na upeo linaweza kuzihesabu taa za mitumbwi kuwa nyota, likachora upeo mahali usipokuwepo. Viwanja vingi vya mbugani havina taa, kwa hiyo ndege hufunga kazi kabla ya magharibi. Lakini masika huleta mvua ya alasiri inayochelewesha safari ya mwisho, na kuchelewa kwa dakika 30 karibu na ikweta ni tofauti ya mchana na usiku, kwa sababu jua letu halichelewi kuzama.

Milima ni habari nyingine, tusiichanganye na hii. Cessna Caravan, ndege ndogo ya abiria, iliyotoka Kitale kwenda Nairobi tarehe 5 Juni 2018 na watu 10 iligonga safu ya Aberdare, mabaki yakapatikana tarehe 7. Kugonga mlima mawinguni kunaweza kutokea ndege ikiwa imenyooka kabisa. Hapo maswali ni kimo, njia na nani alikuwa anaitazama kwenye rada. Upeo bandia ulio mzima haukusaidii kama kimo chako ni kidogo kuliko cha mlima.

Kwa gunia lile la Iowa, kazi hufanyika mapema. Ukiomba hali ya hewa usiishie kwenye vituo vya njiani. Uliza kwa jina kama kuna tahadhari yoyote inayotumika sasa kwa eneo zima, iliyotolewa saa ngapi, na inasogea wapi. Linganisha taarifa mbili za uwanja uleule: dari ikishuka kutoka 6,000 hadi 3,000 ndani ya saa moja na nusu, swali si kama 3,000 inatosha, ni itakuwa ngapi saa ijayo. Amua kugeuka ukiwa bado unaona ulikotoka. Mgeuko wa kawaida ni nyuzi 3 kwa sekunde, yaani dakika moja kamili kurudi nyuma, na pembe ya kulalia ni mwendo wa noti ukigawanywa kwa 10, ongeza 7: kwa noti 100 ni nyuzi 17. Ndege yenye magurudumu yasiyokunjwa, kama Caravan au Cessna 172, haina breki ile ya magurudumu, kwa hiyo kupunguza nguvu mapema ndiko kunakobeba kila kitu.

Na paneli usiyoijua ijaribiwe ardhini kabla ya kuruka. Ukiwa unatembea na ndege kuelekea njia ya kurukia, kata kona kushoto: mshale wa mgeuko uende kushoto, kijipira kilicho chini yake kiende kulia, namba za uelekeo zipungue, upeo bandia ubaki umelala sawa, usizidi nyuzi tano. Kata kulia, vyote vigeuke. Lakini kona za ardhini hazionyeshi pua ikipanda na kushuka, na hicho ndicho F3 ilichokigeuza. Kwa hilo inabidi uruke nayo mchana, kweupe, upeo wa kweli ukiwa mbele yako. Inua pua kidogo, na utazame ile alama kwenye kioo inakwenda juu au chini.